Goti la Shangazi na Gari la Masika

Shangazi Mbeho amehamia Mvumi wiki iliyopita, na tangu siku hiyo nyumba ya Miyuji imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Chumbani kwake kimebaki kitanda cha mbao, ndoo ya bluu na alama ya mafuta ya kuchua ukutani, pale alipozoea kuegemeza mguu akishamaliza kujipaka. Aliniambia nihamie humo, kina dirisha kubwa. Nimejaribu, nimeshindwa. Nakaa kidogo kitandani, nasimama, natoka uani, naangalia gari, narudi ndani. Nina miaka kumi na tisa na najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu za maisha, wanasubiri kwanza maisha yenyewe yawe mengi. Lakini mdomo wangu ni mzito tangu nikiwa mdogo, mbele ya watu maneno yananikauka, na kila nisichoweza kusema huwa nakiandika. Mwaka jana usipoandikwa sasa, wakati nyumba bado ina harufu ya mafuta yale, najua utanizungukazunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

Mwaka jana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yametoka, si mabaya ya kulilia wala si mazuri ya kuchaguliwa kidato cha tano. Baba aliamua kwa simu, mimi nikiwa nimesimama mlangoni namsikia Shangazi anaitikia, ndiyo kaka, ndiyo kaka, kwamba nikae Miyuji mpaka mvua zikatike, kisha nirudi nyumbani nikajifunze cherehani. Sina ubaya na cherehani. Nilichokuwa naogopa ni ile picha ya mtu ameketi anatazama ukuta, mguu unakanyaga kutwa nzima na haendi popote. Nilikuwa siwezi kutulia mwaka ule. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda dukani kununua chumvi tukiwa na chumvi. Shangazi alikuwa akiniangalia anasema, "Sechelela, kaa chini, unanitia kizunguzungu," na mimi nakaa, na baada ya muda mfupi najikuta nimesimama tena.

Yeye kazi yake ilikuwa kuwapeleka wauguzi wa huduma ya mkoba, wale wanaopeleka chanjo na mizani ya watoto kwenye vijiji visivyo na zahanati, upande wa kusini wa Mvumi. Alikuwa na gari lake na usukani wake, na kwa miaka mingi alikuwa mwanamke pekee kwenye njia ile. Kiangazi gari lolote lenye tumbo la juu linafika. Masika ni habari nyingine, kwa sababu njia inakata makorongo ya mchanga ambayo yanajaa maji bila taarifa, halafu inaingia kwenye mbuga za udongo mweusi ambao ukilowa unanata kama ugali ambao haujaiva. Kabla ya mvua za mwaka jana gari lake la zamani lilikatika chesisi, uti wa mgongo wake, likiwa limesimama tu uani, kama mtu aliyechoka akaamua basi. Wauguzi wakamwambia wazi: ikifika masika awe na gari na dereva wa uhakika, la sivyo njia itapewa mtu mwingine.

Jioni moja alikuja Sista Magreti kuaga. Alikuwa muuguzi, mnene, mcheshi, ndiye aliyekuwa akisafiri na Shangazi miaka yote, na sasa alikuwa amehamishiwa Kondoa. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mimi nikaondoa vyombo nikaenda jikoni, ambako ukuta haufiki darini na maneno ya sebuleni yanapita juu kama moshi.

"Umemwambia mtoto?" Sista Magreti aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Goti."

"Goti si la mtoto, ni la kwangu."

"Mbeho, daktari alisema mbele yangu. La kushoto limekwisha. Klachi ya masika utaikanyaga na nini, na fimbo?"

Shangazi akasema, "Nitanunua otomatiki."

"Otomatiki, kwenye ile mbuga."

"Zipo nzuri siku hizi."

"Zipo. Na nani atakutembelea mto nikiondoka? Nyinyi ukoo wenu wote mmekondeana. Mimi ndiyo nilikuwa mzani wenu. Nikipita mimi, treni inapita." Wakacheka mpaka Shangazi akakohoa, na mimi nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Kutembea mto ni jambo la njia zile, na sijui kama kwingine lipo. Gari haliingii kwenye korongo wala mbugani kabla mtu hajalitangulia kwa miguu. Anavua viatu, anapita mahali ambapo tairi zitapita, anarudi, kisha anatangulia tena na gari linafuata nyayo zake. Anayetembea si dereva. Dereva hashuki kabisa, anabaki ndani injini ikinguruma, kwa sababu maji yanaweza kuja kutoka juu wakati wowote, na gari lisilo na mtu kwenye usukani linakuwa mali ya mto. Nimemwona Shangazi akikataa kushuka hata kumsalimia mkwe wake aliyekuwa amesimama ng'ambo. Alimwamkia kupitia dirishani, akaeleza kwamba yuko mtoni, na mkwe akaelewa.

Basi tukaenda Makole kwa Salimu, dalali wa magari, Mrangi wa Kondoa, mwembamba kama antena, anayependa kuvaa viatu vyeupe kwenye uwanja uliojaa grisi. Alikuwa ametutafutia magari mawili. La kwanza lilikuwa la rangi ya fedha, otomatiki, viti vya ngozi, na kitufe cha duara chenye picha za mchanga, mawe na tope, unachagua picha na gari lenyewe linajua la kufanya. La pili lilikuwa mkonga, rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye lile bomba linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo ili injini ivute hewa juu ya maji. Ndani halina kitu. Usukani, gia ndefu, kijiti cha pili kifupi cha kuamsha tairi za mbele na kuingiza gia nzito ya mwendo wa taratibu, na huko nyuma mabenchi mawili yanatazamana.

"Dada Mbeho, hili la fedha unakaa kama uko sebuleni kwako," Salimu alisema.

"Sebuleni kwangu hakuna mbuga."

"Panda basi ulione. Usilinunie kama mke mwenza."

Shangazi hakupanda. Alitandika gunia, akalala chini ya la fedha, kisha akalala chini ya mkonga, na kutoka huko chini ikawa inasikika sauti yake ikiuliza maswali na Salimu amechuchumaa anajibu, suruali ameipandisha isiguse vumbi. Alitaka kujua tumbo liko juu kiasi gani, kitu gani kinaning'inia chini kuliko difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu, wapi pamechomelewa. Alipotoka akapanda mkonga na kukanyaga klachi. Niliona goti linatetemeka ndani ya gauni. Akaondoa mguu taratibu, akajifanya anatafuta kitu sakafuni, akaniambia, "Hebu na wewe jaribu." Nikajaribu. Ilikuwa nzito kama kusukuma mlango ambao mtu ameuegemea upande wa pili, lakini ilienda.

Pale ndipo jambo lilipokuwa wazi kwetu sote watatu, ingawa hakuna aliyelitamka. Akichukua la fedha, mguu wa kushoto unapumzika na yeye anabaki kwenye usukani wake, pengine kwa miaka. Akichukua mkonga, atahitaji mguu mwingine, na nyumbani kwetu mguu mwingine ulikuwa wangu. Nilikuwa na leseni ya kujifunzia, niliyoipata kwenye kigari kidogo cha shule ya udereva kilichokuwa kinaogopa hata matuta ya Miyuji. Naandika wazi: niliutaka ule mkonga. Niliutaka mpaka mikono ikawa inawasha. Na kila nilipoutaka nilikuwa najua kwamba nataka mwanamke aliyenipa chumba na chakula anyanyuke kwenye kiti chake. Aliponiuliza njiani kurudi, "Wewe umeonaje?" nikajibu yote mazuri, shangazi, na yeye akaguna.

Shangazi hajawahi kujaribu gari la kununua kwenye lami. Alimwambia Salimu kwamba lami hata toroli linapita, atayapeleka yote mawili njia ya kazi mvua zikianza, moja baada ya jingine, na Salimu akakubali kwa sharti la kuja pia. Mvua za kwanza ziliponyesha na kupumzika tukaondoka na la fedha. Na niseme haki yake, lilikuwa gari zuri. Kwenye korongo la kwanza, ambalo lilikuwa bado kavu, Shangazi alituambia tupunguze upepo wa tairi mpaka zikatanuka kama nyayo za ngamia, akachagua picha ya mchanga, na gari likapita linayumba kidogo tu, huku Salimu nyuma anasema, "Si nilisema, si nilisema." Shangazi alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu kwenye usukani tangu goti lianze. Nilitazama nje nikahesabu miiba.

Tukafika mbugani. Jua la siku chache lilikuwa limeukausha udongo juu, umepasukapasuka vizuri, unaonekana kama uwanja wa shule. Ilibidi mtu atembee. Salimu akaangalia viatu vyake. Shangazi akaniangalia mimi, akasema, "Nenda." Nikavua kandambili, nikatembea mpaka ng'ambo na kurudi, nikiruka hata kidogo kwa kisigino kama nilivyomwona Sista Magreti akifanya. Ardhi ilikuwa ngumu. Nikapunga mkono. Gari likaja nyuma yangu, likapita kichaka cha kwanza, na katikati nikasikia mlio mdogo kama ukoko wa wali unaovunjwa na mwiko. Nilipogeuka lilikuwa limekaa kwa tumbo, milango imefika kwenye tope. Ule ukavu ulikuwa ni ukoko tu. Mimi ulinibeba.

Alikuja mzee mmoja na mafahali wake na minyororo. "Mbukwenyi," akatusalimia kwa Kigogo, tukaitika, "Mbukwa," na mimi nikaongeza shikamoo. Alifunga minyororo bila haraka huku akitueleza majina ya ng'ombe wake, maana kijijini kwao ndama anayezaliwa baada ya gari kuvutwa hupewa jina la dereva. "Huyu ni Injinia. Huyu wa madoa ni Padri. Yule mkaidi ni Mkaguzi, alituhangaisha siku nzima."

"Huyo ng'ombe au mwenye jina?" Salimu akauliza.

"Wote."

Shangazi alicheka, lakini alipokuwa amesimama pembeni, matope yamempanda hadi kwenye goti lile, Salimu akamsogelea akaanza kujitetea kwamba gari hili kwa kawaida haliko hivi, na yeye akamkata. "Gari halina kosa. Kosa ni langu. Nimetuma unyoya ukapime tope." Hiyo ilimaanisha la fedha bado limo, na pengine limeshinda.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa inanyesha kwa fujo halafu jua kali, halafu mvua. Shangazi alikuwa anaketi kwenye kiti cha plastiki uani amenyoosha mguu, anaongea na Salimu kwa simu kuhusu la fedha, vipuri vyake vinapatikana wapi, ile kompyuta yake ikilowa inakuwaje. Hakuutaja mkonga. Mimi chumbani nilikuwa naweka mguu wa kushoto kwenye nguzo ya kitanda nasukuma na kuachia, nasukuma na kuachia, mpaka godoro likasogea. Baba akapiga simu kusema amepata fundi wa kike atakayenipokea mvua zikikatika. Shangazi akajibu, ndiyo kaka. Jioni ile tulikula pamoja. Alinimegea kipande cha nyama kutoka upande wake, akakisukuma upande wangu wa sahani, kama mtu anayeomba radhi, na mimi nikakiacha palepale.

Lakini alikuwa ameahidi kujaribu yote mawili, na Shangazi hubaki kwenye neno lake hata linapomuumiza. Tulienda kuuchukua mkonga siku ya Ijumaa. Salimu akatukabidhi ufunguo, akasema yeye ana swala, na pia ana viatu. Tukaondoka wawili. Kwenye lami nilikuwa naangalia mguu wake. Kila akikanyaga klachi midomo inabana. Tulipoacha lami na kuingia njia ya vumbi lililogeuka tope, alianza kulisukuma paja kwa mkono wa kushoto ili goti lishuke, na mkono huo ndio wa gia. Hakuwa na mwingine. Alikanyaga, akalisukuma paja, akatazama mbele, akasema, "Weka ya pili." Sikuelewa. "Sechelela, gia. Vuta nyuma." Nikavuta. Baadaye akasema ya tatu, nikaweka. Tukaenda hivyo kilomita nyingi, yeye ana miguu na usukani, mimi nina gia, watu wawili wanaendesha gari moja, na hakuna aliyesema ni jambo la ajabu. Mzee mmoja wa baiskeli alitutazama tukimpita na akatupungia kwa heshima tu.

Korongo la kwanza halikuwa kavu tena. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita, chini ya goti kwa kukadiria, na mbali upande wa juu mawingu yalikuwa meusi. Shangazi akasimamisha gari ukingoni, injini inanguruma. Nilikuwa nimeshavua kandambili na kufungua mlango.

"Wewe kaa," akasema.

Nikafunga mlango. Tukakaa. Akaangalia maji, akaangalia mawingu, akaangalia nyuma tulikotoka. Angeweza kugeuza. Nadhani alikuwa anafikiria kugeuza, na kama angegeuza, kesho yake tungekwenda kuchukua la fedha na mimi ningekuwa nimeketi kwenye cherehani kabla ya mavuno. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nayo hata sentensi yenyewe, fupi, ya adabu, nikawa nairudia kichwani. Yeye akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akafungua mlango wake.

"Shangazi, dereva hashuki," nikasema. Ndiyo sentensi iliyotoka, siyo ile niliyoiandaa.

"Kwani nani amesema dereva anashuka?" Akateremsha kwanza mguu mzuri, kisha ule mwingine kwa mikono miwili. "Sogea huku. Kijiti kifupi umekiona, weka gia nzito, ya kwanza. Ukishaingia majini usiguse klachi na usisimame. Fuata mimi."

Nikahamia kiti chake. Kilikuwa cha moto na kimebonyea kwa umbo lake. Akafunga kanga juu ya gauni, akaingia majini, akaenda mpaka ng'ambo akijaribu mchanga kwa uzito wake wote, akarudi, akageuka, akaanza kutangulia. Nikaachia klachi kidogo kidogo. Mkonga ukaingia. Maji yakapiga milango. Mbele yangu Shangazi alikuwa anatembea polepole, polepole sana, mguu mmoja anaupeleka, mwingine anauvuta, na mimi nikashikwa na hofu kwamba nitamfikia nimgonge, au nikanyage klachi na tukwame pale wote wawili. Sikuikanyaga. Na gari likaenda kwa mwendo wake. Sijui niliseme vipi kwa mtu ambaye hajakaa humo: gia ile inavuta taratibu kama mtu aliyemshika mgonjwa mkono, haikimbii wala haizimi. Katikati alisimama kidogo, akapapasa kwa unyayo, akasogea kulia. Nikapinda kulia. Mawingu yalikuwa yamefika juu yetu. Hakugeuka nyuma hata mara moja kuangalia kama nipo.

Ng'ambo alinisubiri nipande ukingo, akaizunguka boneti akiishika kwa kiganja, akafungua mlango wa kushoto. Alichukua muda kupanda. Gauni lilikuwa linachuruzika, na nilitaka kushuka nimsaidie, akanionya kwa jicho nikabaki. Alipokaa alitafuta mkanda upande usio wake, akakosa, akatafuta tena, akaupata.

"La fedha lisingeweza kunisubiri vile, na mwendo wangu huu wa goti," akasema akifuta miguu kwa kanga. "Mwambie Salimu tunachukua hili. Na baba yako nitampigia mimi."

"Ndiyo, shangazi."

"Toa gia nzito. Tumechelewa."

Watu wakiniuliza siku hizi nilifurahi kiasi gani, huwa nasema sana, kwa sababu ndicho wanachotaka kusikia na kwa sababu ni kweli pia. Nilipata nilichokitaka mwaka mzima. Lakini nikiwa pale sikuweza kutazama kushoto. Niliweka ya kwanza, tukaondoka, nikakanyaga klachi kuingiza ya pili, na pembeni ya jicho nikaona goti lake linanyanyuka na kushuka. Nikaingiza ya tatu, likanyanyuka tena, likashuka. Alikuwa anatazama nje dirishani, mikono ameikunja, hajui kwamba mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu tupu kila ninapokanyaga mimi. Tukaenda hivyo mpaka kijijini, na sikumwambia.